Dansi ya Mraba na Mkono Nisioweza Kuushika

Katika dansi ya mraba, kila mwanaume lazima amshike mkono kila mwanamke. Nilijaribu kuthibitisha kwamba si lazima. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo huo, nikiwa na digrii ya hisabati, na niliamini hakuna jambo la watu wanane lisiloweza kupangwa upya kwa penseli. Nilimaliza kurasa kumi na moja za daftari langu la maandalio ya masomo. Nilichora miraba, nikachora mishale, nikachora viduara vyeusi vya wanaume na vyeupe vya wanawake. Kila nilipozungusha, kiduara changu cheusi kilijikuta uso kwa uso na kiduara fulani cheupe, kikitakiwa kutoa mkono.

Kiduara hicho cheupe kilikuwa mama mmoja mshonaji wa pale Koboko nilikokuwa nafundisha, mjane wa mwanajeshi, mwenye cherehani yake kwenye veranda ya duka karibu na soko. Nilitaka kumwoa binti yake. Waliojua walikuwa wawili tu: mimi, na binti mwenyewe, ambaye alikuwa anasomea uuguzi Arua. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mama asisikie lolote mpaka wazee wangu watoke kijijini kwetu Logiri baada ya mavuno, waje kusema neno kwa utaratibu.

Sasa, kwetu mwanaume na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na kikombe cha maji hupitia kwa mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Mjomba wangu mmoja aliwahi kujitupa ndani ya shamba la muhogo pamoja na baiskeli yake ili mama mkwe apite, na mpaka leo akisimulia anaonyesha kovu kwa fahari.

Kilichoninyima raha ni hiki: heshima hiyo huanza lini? Inaanza siku wazee wanapopeleka neno, au siku wazo linapoingia kichwani? Kama inaanza na wazo, basi nilikuwa mkwe tangu mwezi wa tatu. Nikimshika mkono mbele ya watu, wazee wakija ataweza kusema, “Huyu? Huyu alinishika mkono Arua nzima ikitazama. Atakuwa mkwe wa namna gani?” Na nikikataa kumshika, kabla sijajulikana kuwa mkwe, nitakuwa nimemwaibisha mjane wa watu bila sababu. Njia zote mbili zilinipeleka mahali pamoja: bila mke.

Dansi yenyewe ililetwa na mzungu wa visima. Alikuja kuchimba visima kwa ajili ya vijiji na kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, na kwao, kumbe, Jumamosi alikuwa mtu wa kusimama jukwaani kuita hatua za dansi. Alikuwa na kijitabu chenye michoro na kaseti moja ya fidla. Kabla mkataba wake haujaisha aliomba kitu kimoja tu: siku ya kumuaga, pale Arua, auone mraba mmoja wa watu wa Koboko ukicheza bila kuvunjika. Nani angemnyima mtu aliyeleta maji sokoni? Tukakusanyika ukumbi wa parokia kila Jumamosi mchana.

Mimi niliitwa kutafsiri. Kiswahili nilikiokota Zaire, ambako familia yetu ilikimbilia mwaka 1979 nikiwa shule ya msingi. Katika ukumbi ule kulikuwa na Wakakwa, Walugbara, katekista mmoja Msudani na mke wake, na mzungu. Kiswahili peke yake ndicho kilichoweza kutubeba wote, ingawa kilichechemea.

Mpango ni rahisi ukiusikia. Wenzi wanne wanasimama kama kuta nne za chumba, wakitazama ndani. Mwanamke anasimama kulia kwa mwenzi wake. Wenzi wa kwanza wanaupa muziki mgongo, wa pili wako kulia kwao, wa tatu wanawatazama, wa nne wanafunga mraba. Mahali ulipoanzia panaitwa nyumbani, na hata ukizungushwa namna gani, lazima urudi nyumbani. Mwanamke aliye kulia kwako ni mwenzi wako. Aliye kushoto ni jirani. Kisha kuna hatua. Kuna kushikana mikono wote na kuzunguka. Kuna mgongo kwa mgongo, ambapo unampita mtu bega kwa bega, unateleza nyuma yake, unarudi kinyumenyume bila kumgusa. Hatua hiyo niliipenda mno. Na kuna mnyororo. Katika mnyororo wanaume wanakwenda upande mmoja, wanawake upande mwingine, na kila unayekutana naye unampa mkono unapompita: wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Mnyororo niliuchukia kabla sijauona.

Juu ya yote kuna mwitaji. Huyu hachezi. Anasimama karibu na muziki na kuita hatua moja kabla ya miguu kuifikia. Mzungu alisema mwitaji awe mimi, kwa sababu ya lugha. Nilifurahi kupita kiasi. Mwitaji hashiki mkono wa mtu.

Furaha yangu ilidumu Jumamosi mbili. Ya kwanza niliita, “Zungukeni kushoto!” Nilikuwa nimesahau Koboko ni wapi. Katika wale wanane, watano walikuwa wametoka nyumba za wanajeshi, na mmoja alikuwa sajenti mstaafu mwenyewe. Neno “kushoto” lilipotoka, watano walizungusha kisigino, wakapiga mguu chini, pwaa!, mikono mapajani, wakasimama wima wakitazama ukuta. Hakuna aliyemshika mwenzake. Mzungu aliponiomba niwaambie watembee, walitembea: magoti juu, mikono ikipaa mpaka begani. Mke wa katekista alipigwa kofi la shingo na mkono wa muuza nyama, mmoja wa wale watano, uliokuwa kazini.

Jumamosi ya pili niliamua kueleza vizuri zaidi. Niliita, “Wenzi wa kwanza na wa tatu, yaani wanaotazamana, isipokuwa kama mmeshahama kutoka nyumbani, hapo nyumbani nikimaanisha pale pa mwanzo...” Nilipoinua macho kutoka kwenye kijitabu, fidla ilikuwa imemaliza wimbo na watu wamekaa kwenye benchi wakinywa maji.

Sajenti alisimama, akanijia polepole.

“Mwalimu,” alisema, “kichwa yako iko na maneno mingi. Amri inakuwa fupi. Wewe ukieleza amri, adui anafika, anakula chakula yako, anaenda.”

“Afande, nilitaka waelewe.”

“Mutu anaelewa na mguu. Toka hapo.”

Akachukua nafasi yangu karibu na kaseti, akafunga vifungo vya koti, akavuta pumzi. “Mraba! Ji-andae!” Watu wanane... hapana, watu saba waliruka wakasimama mahali pao. Mahali pa nane palikuwa pake yeye, kando ya mkunga wa zahanati, naye alinielekezea kwa kidole. “Jaza.”

Ndivyo nilivyoingia kwenye mraba. Mkunga, mwanamke mnene mcheshi, akawa mwenzi wangu, sisi tukiwa wenzi wa kwanza. Wenzi wa tatu, kinyume changu kabisa, walikuwa ndugu mmoja fundi wa pampu na mama mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake kama cheo.

Siku hiyo sajenti hakufika kwenye mnyororo. Usiku sikulala, nilihesabu. Mkono wa kwanza ni wa mwenzi wangu. Wa pili ni wa mwanamke wa wenzi walio kulia. Wa tatu ni wa aliye kinyume, na huyo ni mama, mkono wa kulia kwa mkono wa kulia, kama watu wanaosalimiana kanisani. Balaa. Nikamwuliza mkunga, kwa niaba ya rafiki yangu, heshima ya mkwe huanza lini hasa.

“Huyo rafiki yako,” alisema mkunga, “iko na miguu mirefu hivi kama yako?”

“Ni wa kawaida tu.”

“Na yeye anauliza na jasho kwenye pua, kama wewe?”

Nilimwambia joto lilikuwa kali. Akasema ndiyo, joto, akaendelea kucheka mpaka mgonjwa wake akachungulia dirishani.

Nafuu ilitoka kwa muuza nyama. Jumamosi iliyofuata, mnyororo ulipoelezwa, aliinua mkono. Yeye ni Mwislamu, alisema, na mke wake yuko hapa anacheza, na hana neno na dansi; lakini mkono wa kushoto ni mkono wa chooni, na yeye hawezi kumpa mtu, wala hawezi kupewa. Watu wakaguna kwamba ni kweli. Hata Wakristo waliguna.

Nilisimama haraka hadi benchi likaanguka. Nilisema nina ufumbuzi. Nilikuwa na leso mfukoni. Nikaeleza kwamba kwa mikono ya kushoto, badala ya kugusana, kila mwanaume ashike ncha moja ya leso na mwanamke ashike ncha ya pili. Kitambaa katikati. Usafi, heshima, na mnyororo haukatiki. Kisha, kama jambo lisilohusiana kabisa, nikaomba mimi na mkunga tubadilishane nafasi na wenzi wa pili, kwa sababu pale kwetu palikuwa na upepo wa mlangoni. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu: nikiwa wenzi wa pili, mama atakuwa mkono wangu wa pili badala ya wa tatu. Mkono wa kushoto. Mkono wa leso.

Tulibadilishana. Kisha sajenti akaitazama leso yangu.

“Hapana,” alisema. “Hawa si mbuzi tunavuta na kamba. Katika gwaride hakuna mukono ya choo. Kuna kulia na kuna kushoto, na yote ni ya serikali.” Muuza nyama alifikiri kidogo, akakubali kwamba kama ni amri, basi dhambi iko juu ya sajenti. Sajenti akaipokea pale pale, bila wasiwasi.

Nilibaki nimesimama na leso mkononi. Sasa nilitakiwa kumpa mama mkwe mkono, tena wa kushoto. Niliomba turudi nafasi ya zamani. “Hapa si soko,” alisema sajenti. Mama mshonaji aliitazama leso, akautazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka viatuni, taratibu, kama mtu anayetaka kujua zitahitajika yadi ngapi. Nilidhani ameona leso ni chafu. Nilifua leso zangu zote Jumapili.

Mazoezi yaliyobaki niliyapitia kwa ujanja wa kitoto. Kila mnyororo ulipoanza, nilimpa mkunga mkono wa kulia, nikamwona mama anakuja, nikapiga kelele, “Kaseti!” na kukimbilia redio, kana kwamba utepe umenaswa. Mara ya kwanza watu walinishukuru. Mara ya nne mnyororo wote ulijikunja nyuma yangu, na katekista akajikuta anamkumbatia fundi wa pampu.

“Mwalimu! Rudi mustari!” sajenti alinguruma. “Hiyo redio ni mama yako?”

Jumamosi nyingine nilifunga bandeji mkononi. Mkunga, aliyeifahamu bandeji ya zahanati yake, aliifungua mbele ya watu wote akitafuta kidonda. Mzungu alinivuta kando, akanishika bega, akasema kwa upole kwamba si kila mtu amezaliwa kucheza, na kwamba Mungu amenipa hisabati.

Kisha zikaja shati. Mama mshonaji alijitolea kuwashonea wanaume shati za rangi moja, za bluu yenye maua madogo. Alitupanga foleni verandani kwake. Alimpima muuza nyama, akampima katekista, akampima fundi. Nilipofika mimi nikiwa nimebana pumzi, aliivua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani.

“Wewe nakuona na macho,” alisema.

“Mama, usinipime?”

“Afande, kuja simama hapa karibu na mwalimu.” Akampima sajenti, ambaye hata hakuwa mchezaji, mtu mfupi mpana kama pipa, huku akinitupia jicho na kuongeza vidole hewani. Akaandika namba. Sikulala tena. Ni dharau? Ni haraka? Au amechoka kushika watu?

Shati ilikuja Alhamisi kabla ya safari. Kifua kingetosha mimi na sajenti kwa pamoja. Mikono ilipita vidole vyangu kwa kiganja kizima. Nilikaa kitandani nikiwa nimeivaa, nikipunga vile vitambaa viwili, nikatunga maelezo matatu, mabaya kuliko yote yakiwa kwamba ananiona mtoto. Za wenzangu ziliwakaa kama ngozi. Asubuhi ya siku yenyewe nilikunja mikono ile mara nne mpaka kwenye viwiko, nikaibana kwa pini mbili, nikajiona nadhifu.

Tulifika Arua juu ya lori la mabomba ya visima. Ukumbi ulikuwa umejaa, na nusu ya waliojaa walikuwa vijana kutoka Onduparaka, nje kidogo ya mji, ambao mechi yao ya siku hiyo ilikuwa imeahirishwa. Walikuja na mdundo na sauti zao zote, wakaamua sisi ndio mechi. Mlangoni, katika sare yake nyeupe ya mwanafunzi wa uuguzi, alisimama binti. Hakunitazama. Alimtazama mama yake, kisha akatazama dari.

Nilitafuta redio. Mzungu alikuwa ameipakata magotini kwa mikono miwili. Alinitikisia kichwa, kana kwamba anasema: usijali, leo nitaitunza mimi.

“Mraba! Ji-andae!” Pwaa! Ukumbi ukanguruma. “Mwenzi, heshima! Jirani, heshima! Wote, kushoto, zunguka!” Ni kweli magoti yetu yalipanda juu kuliko michoro ya kijitabu, na mke wa muuza nyama alitia mtikiso wa ngoma ya kwao mabegani, lakini tulizunguka, tukarudi nyumbani. Mgongo kwa mgongo, tukapita. Wenzi wa kwanza na wa tatu walipitana katikati bila ajali. Mzungu alikuwa analia na kucheka.

“Mnyororo!” aliita sajenti. “Kulia anza!”

Nilimpa mkunga mkono wa kulia. Aliuminya, akakonyeza. Mbele yangu mama mshonaji alikuwa anakuja.

“Pasi, mwalimu!” walipiga kelele vijana wa Onduparaka. “Toa pasi! Unakaa na mpira!”

Nilitoa mkono wa kushoto. Sijui kama niliutoa. Nafikiri ulitoka wenyewe, kwa uchovu. Nilifumba jicho moja. Mkono wa mama haukuja kwenye mkono wangu. Ulipita juu, ukafika kwenye kiwiko, ukachomoa pini kwa vidole viwili kama anavyochomoa pini elfu kila mwezi, na mkunjo wote ukateremka kwa mpigo mmoja, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka vidole vyangu vikapotea na kiganja kizima cha kitambaa kikabaki kinaning'inia. Akaishika ile ncha ya kitambaa, akanivuta, akanipitisha upande wa pili kama nguo chini ya sindano.

Kwa kuwa fidla ilikuwa na kelele, na yeye ni mtu wa sokoni, alisema kwa sauti ya sokoni:

“Mukwe! Nani alikuambia unakunja? Mimi nilishona mirefu na akili yangu! Tangu siku ya leso!”

Mkunga ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kisha wanawake wote wa ukumbi. Mimi nilisimama. Fundi wa pampu akanigonga mgongoni, katekista akamgonga fundi, muuza nyama akawagonga wote.

“Nani amesema simama?” aliuliza sajenti.

“Afande, nimeitwa mkwe.”

“Nimesikia. Mukwe anatembea! Kulia, kushoto, kulia, peleka!”

Nikatembea. Nilimpa mke wa muuza nyama mkono wa kulia, nikampa mke wa katekista wa kushoto ndani ya shati, kwa kuwa sikuwa na muda wa kuutafuta, nikamkuta mkunga upande wa pili, na kwa pamoja tukarudi nyumbani. Mraba haukuvunjika. Mlangoni binti alikuwa amefunika uso kwa daftari lake la wodini, mabega yakitikisika. Mzungu alinifuata mbio akiomba nimtafsirie mama alichosema. Nilimwambia ni habari za ushonaji.

Wakati wa kurudi, mama alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma kabisa, juu ya mabomba, nikitazama tulikotoka, kama inavyopasa. Lori liliposimama Koboko niliruka upande wa majani hata kabla hajafungua mlango, na sajenti akasema sasa angalau najua kushuka.

Wazee wangu walitoka Logiri baada ya mavuno wakiwa wamejiandaa kwa maneno magumu, wakakuta neno limekwisha semwa. Mjomba wa baiskeli alikasirika kidogo. Siku chache baadaye mama alimtuma mkunga kwangu: nilete ile shati aifupishe mikono, kwa kuwa sasa mambo yamejulikana na sihitaji kutembea kama mtu aliyeiba shati ya afande.

Sikuipeleka. Nilimwambia mkunga inafuliwa. Nilikuwa nimesikia kwamba sajenti anatafuta watu wanane wa kucheza kwenye harusi.